L Hailii

Balaa lote hili lililetwa na neno moja, na neno lenyewe wala halina kosa. Kulia.

Msichana alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, basi. Hakuiba, hakutukana mtu, hakumwaga maziwa. Aliokota chaki kwa mkono uliokuwa karibu nayo, akachora duara sakafuni, duara zuri tu, akainua uso kungoja sifa. Lakini aliyemlea alikuwa shangazi yake, na shangazi yake alikuwa mwalimu wa mwandiko wa darasa la kwanza, mtu aliyewafundisha nusu ya mji ule kushika kalamu. Shangazi alivuta pumzi kama aliyeona nyoka jikoni. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja kikawa ukanda, akaufunga ule mkono kiunoni mwa mtoto.

"Huo ni wa kujikunia mgongo," akasema. "Mkono wa kuandika ni wa kulia. Sema."

"Wa kulia," akasema mtoto, kamasi na machozi vikishindana kushuka.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jamani, mtoto naye ana akili yake. Mkono mmoja umefungwa, unauma, unamliza. Wa pili uko huru, hauna ugomvi na mtu. Sasa mwambie kuna mkono unaitwa wa kulia, halafu mwulize ni upi! Akaamua, tena kwa akili timamu kabisa, kuwa mkono wa kulia ni ule unaomfanya alie. Akalishika hilo moyoni. Alipokuja kugundulika akasahihishwa, akasahihishwa tena, mpaka mwandiko wake ukawa wa kupigiwa mfano shule nzima. Shangazi akaridhika. Ila huko ndani, mahali ambapo chaki ya Shangazi haikufika, pande mbili za dunia zilibaki zinaelea. Mtu akimwambia "pita kulia," alisimama kwanza njiani, macho yakamlegea, akajiuliza: nani alilia?

Watu wakadhani ni mtu wa ndoto. Haya, na ndoto pia zilikuwemo, nisimtetee kupita kiasi.

Alipokuwa mkubwa alichaguliwa kusomea kazi ya kupiga picha za eksirei, na masomo yenyewe yalikuwa palepale hospitalini. Asubuhi wanafunzi wanahudumia wagonjwa chini ya jicho la mkufunzi, mchana wanakaa darasani, na darasa lenyewe ni chumba kidogo nyuma ya stoo ya mashuka, chenye harufu ya sabuni na joto la pasi. Wenzake walilalamika kuwa joto lile linaleta usingizi. Yeye alilipenda. Mkufunzi akieleza jinsi miale inavyopenya nyama na kukwama kwenye mfupa, sauti ilimjia kwa mbali, pasi zikihema ukutani, na yeye akawaona watu wote duniani wakitembea na taa ndani yao.

Lakini penzi lake hasa lilikuwa chumba cha eksirei. Mlango wake ulikuwa mzito, umejazwa madini ya risasi ndani, unafunga polepole kama unafikiria kwanza. Mwanga ulikuwa hafifu. Mashine ilining'inia kutoka darini ikivuma kwa sauti ya chini, na ukiiwasha taa yake, mraba wa mwanga wenye msalaba mweusi ulitua mgongoni mwa mgonjwa, ukatulia. Kisha unajificha nyuma ya kioo, unabonyeza kitufe, kinasikika kimlio kidogo. Halafu kwenye skrini mtu anaanza kutokea. Kwanza giza. Baadaye mbavu, moja baada ya nyingine, na mapafu meusi yenye moshi mwembamba, na moyo umekaa katikati, umeegemea upande mmoja kama abiria aliyesinzia kwenye benchi. Msichana yule angeweza kusimama pale mpaka chai yake ikapoa na mtu mwingine akainywa. Hata akitoka barabarani bado aliiona mifupa: mfupa wa bega wa muuza magazeti ukipanda na kushuka, vidole vya kondakta vikihesabu chenji, vyeupe, vyembamba, vizuri mno.

"We Mawingu!" alipigiwa kelele siku ya kwanza tu. "Shuka chini, wagonjwa wako huku." Jina likamganda, na sisi tutamwita hivyohivyo.

Aliyempa jina hilo alikuwa mkufunzi wao, na yeye pia alikuwa na lake. Mbele yake wanafunzi walimwita Bi tu, wakamwita Bi Risasi wakiwa peke yao, na si kwa sababu moja. Risasi ndiyo iliyoshonewa ndani ya zile aproni nzito za kuzuia mionzi. Risasi ndiyo iliyotengenezewa herufi. Na maneno ya mama yule akikulenga, hayakosi.

Hizo herufi ndizo zenye kisa. Kila picha lazima ibandikwe kiherufi cha risasi pembeni mwa sahani ya kupokelea picha kabla ya kupigwa, ili ikitoka ijulikane upande upi ni upi. Picha ya eksirei haina adabu, ukiigeuza inageuka, wala haikwambii kitu. Sasa huwezi kutumia K, maana kulia ni K na kushoto ni K. Kwa hiyo zinatumika herufi zilizokuja na mashine kutoka huko zilikotengenezwa, za Kiingereza. L ni kushoto. R ni kulia.

Na L kwenye kinywa cha mtu wa kwetu inasema nini? Lia! Kila kundi la wanafunzi lililopita pale lilijikwaa hapohapo, likabandika L upande wa kulia kwa moyo mweupe kabisa. Bi Risasi alichoka. Akatunga wimbo wake, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango aliwapanga ukumbini kama watoto wa chekechea.

"L?"

"Hailii!"

"Atakayelia nani?"

"Atakayekosea!"

Wenzake waliimba kidogo tu, ikawaingia, wakaendelea na maisha. Kwa Mawingu lilikuwa fundo juu ya fundo. Ukimwambia L hailii, anauliza moyoni: mkono upi ndio haulii? Na mkono uliolia kuliko yote anaujua vizuri.

Akakosea, bila shaka. Mlinzi wa geti aliteleza kwenye mtaro akaumia mguu wa kulia. Mawingu akapiga picha nzuri, safi, kifundo kinaonekana mpaka ufa wake mdogo, akabandika L kwa furaha, akaituma. Picha ikaenda chumba cha plasta. Fundi wa plasta akasoma herufi, akaufunga mguu wa kushoto, mguu mzima usio na kosa lolote, toka vidoleni hadi gotini. Mlinzi akanyamaza kimya muda wote huo. Plasta ilipokauka ndipo akauliza kwa adabu, "Na huu unaouma, mnaufunga lini?" Wakamwuliza kwa nini hakusema. "Nilidhani mnaanza na huo mzima," akasema, "usije ukaambukizwa."

Hospitali nzima ilicheka. Wapishi walicheka. Bi Risasi hakucheka, na hakufoka pia, na hilo ndilo lililomtisha Mawingu. Alimketisha kwenye kile chumba cha nyuma ya mashuka, akaongea taratibu.

"Leo ni plasta, tumeikata. Ingekuwa chumba cha upasuaji?"

"Nimekosa, Bi."

"Najua umekosa. Lakini una jicho zuri kuliko wote waliopita mikononi mwangu, na hilo ndilo linaloniuma. Kosa moja jingine la upande, moja tu, unavua hiyo beji unaniwekea mezani. Sitaki kilio, sitaki maelezo."

Beji yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha plastiki cha kupimia mionzi, kinabanwa kifuani. Mawingu aliifunika kwa kiganja kama mtu atakayeporwa sasa hivi. Aliipenda kazi ile jamani, aliipenda mpaka akaona haya. Hakukuwa na mahali pengine duniani ambapo kuzubaa kwake kulikuwa na faida. Na angemwelezaje Bi Risasi habari ya kitambaa cha kichwa? Angemwambia nini Shangazi, aliyemtangaza mtaa mzima, kwamba "mwanangu mimi anaona ndani ya watu, kaeni mkijua"?

Akajitungia dawa yake. Kabla ya kila picha alikaza kifundo cha mkono ule wa utotoni, mpaka akausikia ukanda wa kitambaa umembana tena. Kisha akanong'ona: uliofungwa, L, hailii. Akabandika. Kila picha, kila mgonjwa, bila kuruka. Dawa ilifanya kazi, ila ilikuwa na uchungu wake. Ule mkono uliolia miaka ile yote ndio huohuo aliotakiwa kuuambia kutwa nzima kwamba haulii. Mchana akilaza kichwa mezani baada ya chakula, aliota L zimejipanga ukumbini, kila moja ina leso yake, zinafuta macho harakaharaka kabla Bi Risasi hajafika.

Asubuhi moja ya manyunyu, kwenye benchi la wagonjwa akamwona Shangazi.

Alikuwa amevaa kama anakwenda kupokea zawadi, mkoba umewekwa wima magotini. Kikohozi kilikuwa kimemshika muda, naye hatimaye alikubali kuonwa na daktari wa kifua. Daktari mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alipomwandikia apigwe picha, Shangazi aliitazama karatasi, akamrudishia. "Andika tena. Hii t haina kichwa." Daktari mzima, na miwani yake, akaandika tena. Baadaye akamsikiliza kwa kile kifaa chao cha masikioni, upande wa moyo, akakunja uso. "Moyo wako unasikika kwa mbali sana, Mwalimu."

"Ndivyo ulivyo tangu utoto," Shangazi akamjibu, tena kwa kujivuna. "Mimi moyo wangu hauna kelele."

Bi Risasi alitaka mwanafunzi mwingine ampige picha. Ndugu, alisema, hampigi ndugu yake, mikono hutetemeka. Shangazi akamwangalia toka viatuni hadi kichwani.

"Mwanangu, mimi huyu nimemwogesha, nimemfuta kamasi. Kama kuna mtu wa kuniona mpaka mbavu, ni yeye, au narudi zangu nyumbani na kikohozi changu."

Walitazamana wanawake wawili waliozoea kutiiwa. Bi Risasi ndiye aliyepepesa kwanza, na wanafunzi waliokuwa ukumbini hawakuamini macho yao. "Piga," akamwambia Mawingu. "Nikirudi nakagua."

Mlango mzito ukafikiria, ukafunga. Walibaki wawili kwenye mwanga hafifu. Shangazi, ndani ya gauni la hospitali lisilo na vifungo vya maana, alionekana mdogo. Akamsimamisha kifua kikiegemea sahani, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko mbele.

"Unanisimamisha kama mtoto aliyechelewa shule," Shangazi akasema ukutani.

"Usiongee, Shangazi."

"Hee! Mambo yamegeuka."

Mawingu alisimama nyuma yake. Mraba wa mwanga ukatua kwenye ule mgongo aliobebwa nao akiwa na homa. Pale juu ya mkono, chini kidogo ya bega, kulikuwa na kovu la chanjo, dogo, la mviringo. Alilijua kovu lile kwa vidole kuliko kwa macho, maana utotoni hakupata usingizi mpaka alishike. Akakaza kifundo. Uliofungwa, L, hailii. Akabandika herufi karibu na bega lenye kovu, akarudi nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi. Shikilia."

Shangazi akashikilia. Mama aliyewanyamazisha watoto wa mji mzima alinyamazishwa na mtoto wake mwenyewe, mashine ikivuma, manyunyu yakigonga dirisha la juu. Kwa Mawingu kile kimya kilikuwa kirefu na kitamu, kama cha nyumbani mchana wa Jumapili. Kitufe. Kimlio.

"Pumua."

Shangazi akapumua, akakohoa, akauliza, "Nimetoka vizuri?"

"Nenda ukavae, Shangazi. Nakuja."

Akageukia skrini. Giza likaja, mbavu zikaja, moja baada ya nyingine, nyembamba na nzuri. Mapafu yakaja na moshi kidogo chini, hicho ndicho kikohozi. Moyo ukaja. Na Mawingu akafa ganzi.

Moyo wa binadamu huegemea upande wa L. Huu wa Shangazi ulikuwa umeipa L kisogo. Ulikuwa umelala kule kwingine, raha mustarehe, kama vile hapo ndipo kwao.

Nimekosea, alisema moyoni. Nimekosea tena, na nimemkosea Shangazi. Hakusikia mlango ukifunguliwa. Alisikia tu harufu ya sabuni ya Bi Risasi nyuma ya bega lake.

"Mawingu," Bi Risasi akasema.

Mawingu alishika beji.

"Iache." Sauti ya Bi Risasi ilikuwa imechoka. "Ni mzazi wako, umebabaika, nilisema mikono hutetemeka. Sikia. Kosa ambalo halijatoka mlango huu, mimi bado sijaliona. Igeuze picha, ibandike vizuri, itume kwa daktari. Mimi naangalia kama mvua imekatika." Na Bi Risasi, mwanamke asiyemsamehe hata mtu aliyepiga chafya wakati wa kupiga picha, akampa mgongo.

Loo! Mlango umefunguliwa, njia nyeupe. Ulikuwa mbofyo mmoja tu, na moyo ungerudi kwenye upande wa mioyo yote, beji ingebaki kifuani, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Akikataa, akasema hakukosea, halafu ikaonekana alikosea, hapo litakuwa kosa na kiburi juu yake. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kipanya. Kilikuwa kinashuka, sitaki kumficha.

Ndipo akaona ni kidole cha mkono gani. Alikuwa ameshika kipanya kwa kushoto. Ndivyo mkono ule ulivyokuwa ukijitokeza, mwenye nyumba akizubaa. Na akakumbuka kuwa ndio ule ule uliobandika herufi, wenyewe, bila kuulizwa. Mgonjwa amesimama mbele, kakupa mgongo, bega lake la kushoto liko usawa wa bega lako la kushoto. Mkono ulinyooka tu mbele yake ukakuta kovu. Hakuna neno lililohitajika hapo. Miaka yote iliyopita kilichomchanganya ni maneno. Mkono wenyewe haujapotea njia hata siku moja.

"Bi," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Sijakosea."

Bi Risasi akageuka taratibu. "Nimekupa mlango, mwanangu."

"Nimeuona. Asante. Lakini sijakosea."

"Kwa hiyo moyo wa shangazi yako umehama nyumba?"

"Nipe nafasi nikauulize."

Akatoka. Nyuma ya pazia Shangazi alikuwa anapambana na vifungo vya blauzi.

"Shangazi, naomba nikuguse kifuani."

"Umeniona mpaka uti wa mgongo, sasa ndio unabisha hodi?" Lakini alipoona uso wa mtoto akaacha vifungo.

Mawingu akaweka kiganja pale moyo unapokaa kwa kila mtu. Kimya. Kimya cha nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Akakisogeza kiganja taratibu, akivuka mfupa wa katikati, akafika upande wa pili, akatulia. Du. Du. Du. Ulikuwa pale, moto, wenye nguvu, unapiga kama mtu aliyengoja mgeni tangu asubuhi.

"Shangazi," akasema, na machozi yakamjaa. "Una moyo wa kulia."

"Wa kulia? Kwa lipi? Sina huzuni yoyote mimi, nina kikohozi."

"Kulia huku, Shangazi. Upande wa kulia." Akauchukua mkono wa Shangazi akauweka.

Bi Risasi alikuwa amesimama penye pazia. Akaja, akaomba radhi, akaweka kiganja chake kushoto, akakipeleka kulia, akakirudisha, macho ameyafumba. "L hailii," akasema kwa sauti ndogo, na safari hii hakuwa anamfundisha mtu.

Daktari akaitwa. Akaweka kifaa chake upande wa kulia, akaruka. "Mwalimu! Mbona unasikika mpaka mtaa wa pili!" Kumbe miaka yote hiyo walikuwa wanabisha hodi kwa jirani. Akaeleza kuwa wapo watu wachache wanaozaliwa hivyo, vitu vyote vya ndani vimebadilishana upande kama kwenye kioo, na hawaumwi chochote. Kikohozi kitakwisha kwa dawa. Lakini lazima ijulikane, akasema, tena leo, maana siku akiumwa tumbo kweli, daktari asiyejua atamfungua upande ambao hakuna kitu, huku upande wenye ugonjwa unaoza.

Aliposema hivyo Bi Risasi alitafuta kiti nje ya pazia akakaa.

"Nilikwambia uigeuze," akamwambia Mawingu.

"Kidole kilikuwa juu yake, Bi."

"Sasa ulijuaje? Mtu anayesahau mlango wa choo uko upande gani, ulijuaje?"

Mawingu akainama. Akasema kila kitu, pale pale, duara la chaki, kitambaa, mkono uliolia. Alisahau kuwa pazia ni nguo tu, na kwamba Shangazi aliyebaki nyuma yake ana masikio. Bi Risasi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akapangusa sketi yake.

"Beji yako imekaa kombo," akasema. "Inyooshe. Wiki ijayo linaingia kundi jipya, wimbo wa asubuhi utauongoza wewe." Na akaenda zake, haraka kidogo kuliko kawaida yake.

Njia nzima kurudi nyumbani Shangazi hakusema neno, hata walipopita kibao cha duka chenye herufi za ovyo ambacho hajawahi kukipita bila kukitukana. Manyunyu yalikuwa yamekatika, lami inang'aa, na watu walikuwa wanapita na mioyo yao upande walioizoea. Mawingu alitembea naye akiwa na hofu. Alidhani amemwaibisha mbele za watu.

Nyumbani Shangazi akaketi mezani. Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja kikawa ukanda. Vidole havikuwa vimesahau. Akamnyooshea.

"Nifunge."

"Shangazi, acha basi."

"Nimesema nifunge. Huu wa kuandikia."

Mawingu akaufunga mkono ule kiunoni, fundo jepesi. "Kaza," Shangazi akasema. Akakaza. Shangazi akachukua kalamu kwa mkono wa pili, akaanza kuandika jina lake, jina lililoandikwa ubaoni kila siku ya kwanza ya shule kwa miaka mingi kuliko umri wa Mawingu. Herufi ya kwanza ikaanguka kifudifudi. Ya pili ikapanda nje ya mstari. Ule mkono uliofungwa ulikuwa unajivuta wenyewe chini ya kitambaa, unataka kusaidia. Akang'ang'ana, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama wa mtoto. Alipofika katikati ya jina akaiweka kalamu chini.

"Nilikuwa nakuona unalia," akasema, bila kuinua uso. "Nikadhani unajifunza."

Machozi yakamdondoka juu ya karatasi, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, maana mmoja ulifungwa na mwingine ulikuwa haujui kazi. Mawingu akamfuta kwa mkono wake wa kushoto. Shangazi akauacha umfute. Kisha akavuta kamasi, akakaa wima, na kwa sauti ileile ya darasani akaelekeza kidevu kwenye mkono wake uliofungwa.

"Huu ni mkono gani? Sema."

"Wa kulia, Shangazi."

Ilimtoka papo hapo. Hakusimama kwanza, hakujiuliza kitu.

"Vizuri," akasema Shangazi, na akaendelea kulia.